Anayekaa Huulizwa

Kimamba, Kilosa
9 Machi 2025

Kasian mjukuu wangu,

Hivi Mikumi imehamishwa? Nauliza kwa sababu malori yanatoka Zambia yanafika hapo kwako, lakini wewe kutoka hapo kufika Kimamba umeshindwa. Tangu Krismasi sijauona uso wako. Januari nilisema moyoni, kazi zimembana. Februari nikasema, labda mtoto anaumwa. Sasa ni Machi na nimechoka kukutungia visingizio. Tunga mwenyewe, wewe ndiye uliyesomeshwa.

Haya, salamu. Mimi mzima. Mama yako Elizabeti alipita juzi akirudi Magole, ameniachia kunde na maneno mengi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Paa la jikoni linavuja palepale unapopajua. Anayeniandikia ni huyuhuyu Devota fundi cherehani, jirani yangu, anakusalimu. Nawe nisalimie mke mwenzangu Loveth, na umbusu Cornel, umwambie bibi mkubwa hajafa.

Sasa jambo lenyewe. Jumatano Mudathir wa basi alisimama hapa kuniletea chumvi, akasema, "Bibi, mjukuu wako anatafuta meza kubwa ya kulia, ya mbao ngumu, na viti vyake sare. Kamaliza mafundi wote wa Mikumi kwa maswali." Nikamjibu, "Najua." Sikuwa najua! Nimedanganya mtu mzima mwenzangu, tena Kwaresima, ili usionekane mtoto asiye na adabu. Mimi, mjane wa Beda seremala, mwanamke niliyelala miaka arobaini na moja na mwanamume mwenye vumbi la mbao masikioni, habari ya meza naletewa na dereva pamoja na chumvi!

Na ule mkeka una kosa gani? Ukindu ule niliuchambua mwenyewe, nikautia rangi mwenyewe, nimeusuka miezi minne uwe wa harusi yako. Mkeka hauna ngazi. Anayekuja anakaa, akija mwingine wa kwanza anasogea. Krismasi tulikaa juu yake, tukala. Habari ya Krismasi inaishia hapo.

Nijibu kwa barua. Usinipigie kwa simu ya Devota. Simu inakatika mtu akiwa katikati ya hasira, halafu hasira inabaki bila mwenyewe.

Ni mimi bibi yako,
Tumwagile


Mikumi
23 Machi 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi huku hatujambo. Loveth anakuamkia, na Cornel amejifunza kuhesabu hadi ishirini ila kumi na nne anairuka. Kazi ya matairi ipo, malori hayaishi, na hiyo ndiyo sababu nimechelewa kuja. Nisamehe sana.

Nisamehe pia kwa habari ya meza. Nilitaka kwanza nijue ninachokitafuta ndipo nikuambie. Ni kweli Bibi, natafuta meza ya kulia ya mbao tupu, si zile za mbao za unga zilizobandikwa karatasi, ambazo ukimwaga chai zinavimba kama andazi. Nimempata fundi anaitwa Zabron, ana karakana nyuma ya kituo cha malori. Ananiambia nichague kati ya mninga na mtiki. Meza itakuwa ya mstatili, na viti sita vinavyofanana. Wakwe zangu wanakuja kutoka Morogoro mara kwa mara, na nyumba sasa imekwisha, nikaona tuwe na mahali pa kukaa vizuri.

Bibi, wewe unajua mbao kuliko sisi wote. Nichague ipi?

Mkeka upo, tumeuviringisha vizuri chumbani, haujapata doa.

Na magoti yako yanaendeleaje?

Mjukuu wako mtiifu,
Kasian


Kimamba
6 Aprili 2025

Kasian,

Marahaba, mume wangu. Barua nimeipata na imesomwa mara mbili. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo barua yangu husomwa na watu wawili: kwanza Devota, kisha katekista Yohana baada ya misa. Shauri la shahidi mmoja si shauri.

Tumeotesha mahindi, mvua imekuja na vurugu. Mto Mkondoa umejaa, Kilosa watu wanatazama maji kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Devota ananikumbusha nikushukuru kwa sukari. Asante kwa sukari.

Magoti yangu hayajambo, yanakusalimu. Nani alikuuliza habari ya magoti? Mtu anauliza meza, anamalizia na magoti! Usirudie.

Nakujibu habari ya mbao kwa sababu ni haki ya babu yako, si kwa sababu nimeridhika. Chukua mninga. Mtiki ni mzuri, hauna ugomvi, lakini mninga una moyo. Usichague kwa macho, macho hudanganywa na vanishi. Beda alikuwa anaugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ukilia wazi, umekauka. Ukijibu kama mtu aliyejaa chakula mdomoni, bado una maji, utapinda ndani ya nyumba yako na mlango wa kabati utakucheka. Kisha alichonga kidogo akanusa, na mara nyingine alilamba. Nilimgombeza kwa kulamba. Tazama pia chini ya meza, maana huko ndiko fundi anakoficha uvivu wake. Miguu iingie kwa ulimi na tundu, isishikiliwe kwa misumari. Msumari ni ahadi ya mlevi.

Na huyo Zabron wako amewapima nyie? Au kapima ukuta tu? Beda hakuanza na mbao, alianza na mtu. Alikukalisha kwenye gogo, akavuta kamba ya katani kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Kila mtu wa Kimamba aliyekalia kiti cha Beda alikuwa na kamba yake imetundikwa msumarini, na mwenyewe anaijua. Hata meneja wa mkonge, yule mwenye miguu ya korongo, alikalishwa kwenye gogo. Kiti kirefu kinamfanya mtu mfupi kuwa mtoto.

Sasa tufike kwenye hesabu. Sikusoma lakini vidole ninavyo. Viti sita. Wewe mmoja. Loveth wa pili. Cornel wa tatu. Baba mkwe wako wa nne. Mama mkwe wa tano, yule aliyeniambia "pole mama" mara saba. Mama yako wa sita. Vidole vimeisha, Kasian. Mimi nikija nitakaa wapi? Kwenye mkeka ulioviringishwa chumbani?

Usinijibu haraka haraka. Fikiri kwanza, uone aibu, ndipo uandike. Na Pasaka ni wiki mbili zijazo. Nitachinja jogoo. Ukija utamla, usipokuja nitamla mimi na jina lako.

Bibi yako,
Tumwagile


Mikumi
18 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Najua nimechelewa mno. Pasaka nilikuwa nimejiandaa kuja, kisha nikapata lori lililopasua matairi mawili, kisha barabara ya Kilosa ikawa na tope. Najua utasema malori hayaishi na tope halikuanza leo.

Nimefuata maneno yako yote. Nimechukua mninga, wa kibali, maana hapa tuko mlangoni mwa hifadhi na sitaki mbao yenye kesi. Nilimgongea Zabron kila ubao kwa kifundo cha kidole. Ubao wa tatu ulijibu kama mtu mwenye chakula mdomoni, nikaukataa. Zabron akaniuliza, "Wewe fundi?" Nikamwambia, "Hapana, mimi mjukuu." Meza imesimama tayari, inapigwa msasa. Viti vinne vimeshaunganishwa, viwili bado migongo. Havina msumari hata mmoja. Nilipiga magoti nikatazama chini ya meza. Pasafi kama juu.

Kuhusu hesabu ya viti, Bibi, naomba usiwe na wasiwasi. Niamini.

Cornel sasa anaitaja kumi na nne. Loveth ana mimba ya miezi mitano, tulitaka kukuambia ana kwa ana lakini siku zinakwenda.

Msalimie sana dada Devota, na umwambie nashukuru kwa ile kazi, vipimo vilifika.

Mjukuu wako,
Kasian


Kimamba
1 Juni 2025

Kwa Kasian,

Salamu zangu leo ni fupi. Mimba nimeipokea kwa mikono miwili, Mungu ailinde. Mwambie Loveth asibebe ndoo. Mpunga tumevuna, mahindi yanakauka. Salamu zimeisha.

Devota, andika. Andika hivyohivyo ninavyosema, usilainishe, nikimaliza katekista ataisoma na nikikuta umepunguza neno utanitafutia mwandishi mwingine na jirani mwingine.

(Mimi Devota naandika kama ninavyoambiwa. Shemeji Kasian, pole.)

Kasian, barua yako alinisomea Devota siku ya Jumanne. Akafika kwenye mimba, tukapiga vigelegele, akasema, "Basi Bibi, imeisha." Jumapili nikampa katekista. Naye akafika kwenye mimba, akaendelea: "Msalimie sana dada Devota, na umwambie nashukuru kwa ile kazi, vipimo vilifika." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Akasema, "Bibi Tumwagile, maneno ni yaleyale." Nikasema najua, nayasikiliza yanavyooza.

Sasa nikumbushe na wewe. Wiki ya pili baada ya Pasaka, uliyokosa, Devota aliingia hapa na futi yake shingoni, uso umejaa wema. "Bibi, nataka nikushonee gauni la mavuno." Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasimama anipime kifua. Akasema, "Hapana Bibi, kaa." Nikakaa kwenye kigoda. Akapima kisigino hadi nyuma ya goti. Akapima makalio hadi kiwiko. Nikamuuliza, "Gauni gani hili linaloanzia kisigino?" Akanijibu, "Mitindo mipya, Bibi, ya Dar." Mitindo mipya! Mwezi mzima nimengoja gauni la Dar. Nimewaambia wanawake wa jumuiya kwamba nina gauni linakuja. Wameshaniuliza rangi, na mimi nimewatajia rangi!

Jana nimemweka Devota hapo alipo sasa, mbele ya cherehani yake, nikamwambia sema. Akalia. Nikamwambia lia lakini sema. Akasema, "Kasian alinipigia simu, akaniomba vipimo, akasema Bibi asijue."

Bibi asijue.

Nisikilize vizuri, maana hili hukulijua, Beda alikufa kabla hujaota ndevu. Babu yako alipimia watu wa aina mbili, anayekaa na anayelala. Anayekaa alikuja mwenyewe kwenye gogo, na Beda kabla ya kumgusa mguu alimuuliza, "Nikupime?" Hata mimi, mkewe, siku aliponichongea kigoda hiki alisimama na kamba mkononi kama mgeni akaniuliza, "Tumwagile, nikupime?" Nikasema pima. Anayelala haulizwi. Mgonjwa akishazidiwa, nduguye alikuja karakana kimya, kamba imefichwa ndani ya kitambaa, imefungwa mafundo mawili, la kichwa na la miguu. Beda aliipokea, akaanza kuchagua mbao. Na ndani mgonjwa anapewa uji na kuambiwa utapona.

Mimi umenipima kwa siri, kwa mkono wa mtu wangu mwenyewe, kwa uongo wa gauni. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya katekista: unachonga nini huko, kiti au jeneza? Kama ni jeneza sema, mninga ni mzuri, sitalalamika. Lakini usinihesabu katika watu wasioulizwa nikiwa bado nakula, natukana na kulima!

Devota naye nimemsamehe nusu. Nusu nyingine ataipata gauni likiisha. Ni la kijani, nimeshawaambia watu.

Sikutumii kunde.

Tumwagile


Mikumi
22 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ile ya kwanza ambayo labda hutaiitikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili kama unavyofanya. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili nilimpa Loveth asome kwa sauti. Alipofika kwenye kitambaa na mafundo mawili aliishusha barua akanitazama. Akaniambia, "Mwandikie ukweli leo, au mimi naenda Kimamba na hili tumbo."

Ni kiti, Bibi. Ni kiti cha saba, chako. Sikukutaja kwenye sita kwa sababu chako ni tofauti. Ni kifupi kuliko vingine ili miguu yako iguse chini, kina mikono mipana ya kushikilia unapoinuka, na mto wa sponji. Zabron amekimaliza, kimekaa karakana kimefunikwa na gunia.

Sikukuuliza kwa sababu kukuuliza kungetufikisha Krismasi.

Sasa naisema ile habari ya Krismasi. Tulikuwa tumemaliza kula kwenye mkeka. Ulitaka kuinuka, ukaweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria, kikateleza, ukaenda chini kwa ubavu. Mimi niliruka nikakushika kwapani nikakuinua kama mtoto mbele ya wakwe zangu. Nilifanya upesi mno, najua, gauni lako lilipanda. Asubuhi uliondoka na basi la kwanza kabla hatujaamka, hukunywa hata chai. Nikajua nimekuvunjia heshima na hutaki kuniona. Kila nikipanga kuja Kimamba nauona uso wako wa usiku ule, nageuza. Matairi ni visingizio, Bibi. Kuna siku lori hakuna hata moja na sijaja.

Meza yote niliianza kwa sababu hiyo. Si kwa ajili ya wakwe. Nilitaka uje ukae, ule, uinuke mwenyewe.

Nimekosea. Niambie nifanye nini.

Kasian


Kimamba
6 Julai 2025

Kasian, mume wangu,

Marahaba. Na ile ya pili pia, marahaba.

Hapa ni baridi ya Julai, asubuhi nakaa juani kama kenge. Mahindi tumepukuchua, gunia lako lipo, usije ukasema hulioni. Mtoto wa mbuzi amekuwa jambazi, amekula kola ya shati la katekista. Gauni limekwisha, ni la kijani, limenikaa. Devota nimemsamehe nusu iliyobaki, ndiyo maana mwandiko leo ni mzuri.

Nilianguka.

Haya, nimesema. Devota ameandika, katekista ataisoma, mbingu haijashuka. Nilianguka Mikumi, nyumbani kwa mjukuu wangu, sikukuu ya Krismasi, kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Magoti yangu yameisha. Yamelima miaka sitini, yamepiga goti kanisani na kwenye mafiga, yana haki ya kuisha. Kushuka kwenye mkeka naweza. Kuinuka ndiko kunakohitaji kikao.

Lakini wewe umeshika jambo lisilo lenyewe, na miezi sita unachonga mbao juu yake. Unadhani nilikasirika kwa sababu umeniinua? Mtu akianguka huinuliwa. Gauni kupanda? Nimezaa watoto saba, nani hajaona mguu wangu!

Nilikasirikia kilichofuata. Mliponiinua mlinyamaza. Nyumba nzima ikaanza kunong'ona kama kuna msiba. Mama mkwe wako "pole mama, pole mama", baba mkwe anatazama dari, Loveth akaniletea chai kwenye stuli, pembeni, peke yangu, kwenye kona ya ile friji. Na wewe, wewe Kasian, niliyekuita mume wangu tangu una kinyesi miguuni, wewe ambaye kila siku hunitania kwamba utanirudisha kwetu Tukuyu udai mahari yako, usiku ule ukanitazama kwa huruma. Ungesema, "Jamani mnisaidie, mke wangu amelewa," wote wangecheka. Mimi ningekuwa wa kwanza. Ningekutukana, tungerudi kwenye mkeka, nyama ilikuwa imebaki. Badala yake ukaniweka konani na heshima nyingi. Hiyo ndiyo niliyopanda nayo basi asubuhi. Mtu asiyetaniwa na mjukuu wake ameshazikwa, kilichobaki ni mchanga.

Sasa kiti chako. Nimekisikia, kina mikono, kina sponji, kimefunikwa gunia. Sikitaki hivyo kilivyo. Usilie, sikiliza. Viti sita virefu vinavyofanana, halafu kimoja kifupi chenye mto. Kila mgeni atakayeingia atauliza kile ni cha nani, na Cornel atajibu, "Cha bibi aliyeanguka." Umenitengenezea kona ileile ya friji, safari hii kwa mninga.

Fanya hivi. Beda alipotengeneza meza ya nyumba moja alimtafuta mzee mfupi kuliko wote, akaanzia hapo. Nilimuuliza sababu, akasema, "Mrefu hujikunja. Mfupi hawezi kujivuta." Kwa hiyo vile viti sita vikatwe miguu vifikie kipimo changu. Meza nayo ishuke kwa kiasi hichohicho, la sivyo mtakula mkiwa mnachungulia sahani kama panya. Avikate Zabron mwenyewe, siku moja, kwa msumeno mmoja, asije akavikata leo vitatu na kesho vitatu vikaanza kucheza ngoma. Wakwe zako wana magoti mapya, wayakunje. Na Cornel ataifikia meza bila kubebwa, na huyo anayekuja pia.

Kile cha saba kibaki, ila sponji toa, mpe paka.

Mikono ya kiti naihitaji, sitakudanganya. Basi weka kwenye viti viwili, changu na chako, kimoja kichwani mwa meza na kingine miguuni. Migongo iwe ileile, mbao ileile. Akiuliza mtu kwa nini hivi viwili vina mikono, mwambie ni vya bwana harusi na bibi harusi. Mama mkwe wako akisema pole, mwambie aseme hongera.

Na mkeka utoe chumbani uutandike chini ya meza. Sikuusuka ulale.

Ila msumeno usiguse kitu kabla hujaja. Futi ya Devota siiamini, ilipima uongo. Ya Beda ilikuwa nzuri lakini kamba yangu ililiwa na panya. Njoo wewe. Njoo mchana, Jumamosi, watu wakiwa barabarani wanaona. Gogo la Beda bado liko nje ya karakana, nimelifagia. Nitakaa juu yake nimevaa gauni la kijani. Kamba ya katani ninayo. Utasimama mbele yangu, uniulize kwa sauti Devota asikie, "Nikupime?" Nikisema pima, pima. Nikisema subiri, subiri, huenda nataka kwanza kumaliza chai.

Na nikiinuka pale kwenye gogo nikaanguka, cheka kwanza. Kisha niinue.

Mkeo,
Tumwagile